Jezi Namba Tisa Haijakauka

Ilikuwepo nchi moja, na kama haijafutwa kwa tangazo la jana, bado ipo. Jina lake silitaji, kwa sababu limechukuliwa na kamati likafanyiwe ukarabati, na kamati bado iko safarini. Kwa sasa wananchi wanaiita Hapa, na hawajapata taabu yoyote ila wanapotaka kuandika anwani.

Hapa palikuwa pazuri. Taa ziliwaka kila alipopita kiongozi, mashimo ya barabarani yalizibwa kila walipokuja wageni, na hospitali zilikuwa na vitanda vingi kuliko wagonjwa, kwa kuwa kuugua kulihitaji kibali. Hapakuwa na jambo la kumuudhi mtu, na sheria ilisema hivyo waziwazi. Hata hivyo wataalamu waligundua kwamba raia, umtendee mema yote ya dunia, bado hubaki na hasira kidogo tumboni, na hasira hiyo isipotolewa huweza kwenda isikotakiwa. Serikali kwa huruma yake ikaunda Wizara ya Hasira za Umma, na Wizara ikateua mtu mmoja ambaye nchi nzima iliruhusiwa kumkasirikia. Mtu huyo alikuwa kocha wa timu ya mpira ya Chuo cha Mihuri na Majalada.

Kila Jumamosi, timu ikishafungwa, mashabiki walibaki uwanjani kwa Baraza la Hasira. Mtu alijaza Fomu Namba Nne, akaweka alama ya vema kwenye kiwango cha hasira yake, iwe ya kawaida, kali au ya kuvua kiatu, kisha akapanda jukwaani kueleza kwa nini kocha aondoke. Alikuwa huru kumsema kocha apendavyo: mazoezi yake, kofia yake, mwendo wake, hata wakwe zake. Wageni waliotembelea Hapa walirudi kwao wakisimulia jinsi watu wa pale wasivyofungwa midomo.

*

Mashavu binti Kilindo alikuwa mfuaji na mshonaji wa timu hiyo. Alikuwa na chumba nyuma ya jukwaa, cherehani ya miguu, mabeseni matatu na kamba ya kuanikia iliyofungwa kati ya nguzo mbili za goli la zamani. Alikuwa amezifua jezi zile miaka kumi na minne, na kwa kutazama tope tu aliweza kusema nani alikimbia na nani alisimama akipiga soga. Jezi moja haikuwahi kuwa na tope wala vumbi, ile nyeupe ya namba tisa.

Namba tisa alikuwa Mtukufu Mlezi wa Vyote, yaani Rais. Akiwa na miaka sabini na moja, Mtukufu alijiandikisha chuoni hapo kusomea Stashahada ya Mihuri ili kuwatia vijana moyo, na siku hiyohiyo akachaguliwa kuwa mshambuliaji wa kudumu. Kwa kuwa alikuwa na shughuli nyingi, jezi yake ilicheza kwa niaba yake. Ilitundikwa kwenye henga ya nguo, henga ikatundikwa kwenye mti wa miguu mitatu, na mti ukasimamishwa ndani ya eneo la hatari la wapinzani, hatua tatu kutoka kwa golikipa. Hapo ilikaa dakika tisini. Magazeti ya Jumapili yaliisifu kwa utulivu wake na kueleza jinsi Mtukufu alivyotokwa jasho kwa ajili ya taifa.

Sasa, mtu anayejua mpira hata kwa kuusikiliza redioni ameshaelewa. Wachezaji wa Chuo walikuwa kumi badala ya kumi na mmoja, lakini hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba namba tisa alikuwa ameotea muda wote. Hakurudi nyuma hata siku moja, na alimziba golikipa macho. Kila vijana walipotia mpira wavuni, mwamuzi, ambaye kwa kanuni za mashindano alitoka nchi jirani na hakuwa na adabu, alipuliza filimbi na kunyoosha mkono: Mtukufu ameotea. Katika miaka sita timu ilifunga mabao arobaini na mawili, na yote yalikataliwa.

Kulisema jambo hilo hakukuwa marufuku. Lilikuwa halijawekewa fomu tu.

Kwa hiyo kosa lilikuwa la kocha. Makocha sita walikuwa wamekwisha kuondolewa na Baraza na kupelekwa Kituo cha Tafakuri, huko bondeni, wakayatafakari makosa yao. Watu wa kule hutafakari kwa kina sana, maana hakuna aliyewahi kumaliza akarudi. Kilichobaki nyuma ni traksuti ya bluu, mali ya serikali, ambayo Mashavu aliifupisha kwa huyu na kuirefusha kwa yule. Kocha wa nne, Mbaruku, mtu wa maneno machache, alikuwa na tabia ya kusahau karanga mfukoni. Alipokwenda kutafakari, Mashavu alizikuta karanga tatu kwenye mfuko wa kulia. Hakuweza kuzitupa, na hakuweza kuzila. Alizitia kwenye kopo la pini, na kila alipotafuta pini alizikuta zikimtazama.

Aliona aibu, na aibu yake ilikuwa na sababu. Kila kocha alipokaribia kuondolewa, Mashavu alipata habari mapema. Siku ya Jumatano Wizara ilimletea kikaratasi chenye vipimo vya kocha mpya, Alhamisi akaikata traksuti, na Jumamosi kocha wa zamani akasimama kando ya uwanja amevaa suruali isiyomkaa. Mashabiki walimzomea kwa ajili ya hiyo suruali pia. Ndipo Baraza likaketi, watu wakabishana kwa hoja nzito mpaka jua likazama, kisha wakafikia uamuzi ambao mkasi wa Mashavu ulikuwa umeufikia siku mbili kabla.

*

Kikaratasi cha saba kilikuja Jumatano moja kabla ya mechi na Chuo cha Kilimo cha nchi jirani. Mashavu alikisoma akiwa amesimama, halafu akaketi. Kiuno kilikuwa inchi thelathini na sita. Mguu wa kushoto ulikuwa thelathini na moja, na wa kulia ishirini na tisa na nusu.

Hakuhitaji jina. Alikuwa ameikata suruali ya miguu ile tangu ikiwa kaptula ya shule. Ilikuwa miguu ya Chande, mdogo wake wa tumbo moja, aliyeanguka kutoka juu ya paa akifuata mpira na kuvunjika paja, akalelewa na dada yake baada ya mama yao kufariki. Sasa Chande alikuwa kinyozi, alivaa kiatu cha kulia chenye soli nene, na hakukuwa na msemaji mkali kuliko yeye katika Baraza zima.

Mashavu alimkuta kwenye kibanda chake cha kunyolea akimnyoa mteja. Nusu ya kichwa ilikuwa tayari, nusu nyingine ikisubiri, kwa sababu Chande alikuwa amepanga makopo ya poda na vitana mezani.

"Dada, umekuja wakati mzuri," alisema. "Hebu tazama. Hawa ndio mabeki. Kocha Ndimbwa anawaacha hapa wakati kipofu anaona wanatakiwa hapa. Jumamosi namng'oa."

"Kuna mtu amekupima, Chande?"

"Walikuja watu wa Wizara Jumatatu. Zawadi ya msemaji bora. Suti."

"Si suti. Ni traksuti."

Chande akaiweka mashine chini. Mteja akajitazama kwenye kioo, akaamua kutosikia. Mashavu alitegemea kumwona mdogo wake akitetemeka, lakini uso wa Chande ulichanua polepole, na hilo ndilo lililomuumiza.

"Mimi? Kocha?" Alishika kopo la poda. "Dada, mimi nikipewa timu ile mechi mbili tu, watu watashangaa. Mimi mpira naujua."

"Utamtoa namba tisa?"

Chande alitazama mlango. "Hilo halina fomu."

"Basi utafungwa."

"Nitapanga mabeki watano."

"Utafungwa, mdogo wangu. Halafu italetwa traksuti yako mezani kwangu, na mimi huyuhuyu nitafumua upindo wa mguu wako mfupi ili imtoshe mtu mwingine. Unanisikia? Mimi siwezi."

"Unanitia mkosi, dada," Chande alisema, akaiwasha mashine. Mteja aliondoka pale na kichwa kilichonyolewa vibaya sana.

*

Ijumaa kocha Ndimbwa alikuja kuchukua traksuti. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye filimbi iliyofungwa kwa kamba ya kiatu. Aliingia roho juu, akaishika suruali, akaipima kiunoni na miguuni. Ilimkaa vilevile.

"Bi Mashavu, nilisikia watu wa Wizara wamepita huku Jumatano."

"Wamepita."

"Na hujaikata?"

"Sijaikata."

Ndimbwa aliketi juu ya beseni lililogeuzwa, akashika tama. "Watakukasirikia wewe sasa. Mimi angalau nalipwa kwa kazi hiyo." "Unajua kinachoniuma? Vijana wale ni wazuri. Mgeta amekaa benchi miaka mitatu, anapiga mpira kwa miguu yote miwili, na sijawahi kuwa na nafasi ya kumweka. Ningepata mechi moja tu, mama. Moja, na watu kumi na mmoja. Baada ya hapo wanipeleke wanakotaka."

Alipoondoka, Mashavu aliitazama jezi namba tisa, nyeupe, kavu, iliyokunjwa juu ya kitambaa cha hariri. Kisha akakitazama kibao cha Wizara kilichopigiliwa ukutani juu yake. Kiliandikwa: *Jezi ya Mtukufu haikamuliwi, haipigwi pasi wala haianikwi juani, kwa kuwa Mtukufu si wa kukamuliwa, si wa kupigwa na si wa kuchomwa.* Alikuwa amekisoma kibao hicho maelfu ya mara. Siku hiyo alikisoma tena kwa furaha.

*

Jumamosi saa nane mchana gari la Wizara lilisimama mbele ya chumba cha Mashavu. Alishuka Ndugu Luhembwe, Katibu Msaidizi wa Hasira za Umma, mtu mnene wa tai pana, aliyezoea kuzungumza kana kwamba kila mahali pana kipaza sauti. Aliikuta jezi imetundikwa kivulini ikichuruzika maji.

"Bibi, hiki ni kitu gani?"

"Jezi ya Mtukufu. Haijakauka."

"Mechi ni saa tisa."

"Najua, Ndugu Katibu. Nimeifua saa saba."

"Kwa nini umeifua saa saba jezi ambayo haichafuki?"

"Nimeona doa," Mashavu alisema. "La jasho. Gazeti limeandika Mtukufu alitokwa jasho kwa ajili yetu, nami nikaangalia vizuri, nikaliona. Au gazeti limekosea?"

Luhembwe aligeuka kutazama garini. Dereva wake, aliyekuwa na kalamu mfukoni kama madereva wote wa Wizara, aliinua kichwa kusikiliza jibu.

"Gazeti halikosei," alisema Luhembwe. "Jasho lilikuwepo. Basi ikamue."

Mashavu alionyesha kibao kwa kidole.

"Pasi?"

Akaonyesha tena.

"Itavaliwa hivyohivyo."

"Mvishe wewe, Ndugu Katibu. Nami nitaandika kwamba nilikushauri. Mtukufu akishikwa na mafua, tuwe tumeandikiana."

Luhembwe akatoa leso, akajifuta uso, akaenda kupiga simu Wizarani. Wizara ikamwelekeza Ikulu, Ikulu ikamwelekeza kwa Daktari wa Jezi, na Daktari wa Jezi akasema kwamba kwa unyevu ule anashauri mapumziko ya siku moja. Hivyo ndivyo Mtukufu, kwa mara ya kwanza katika miaka sita, alivyokosa mechi.

*

Ndimbwa alipoambiwa, aligeukia benchi. Alimwita Mgeta. Kijana yule aliinuka benchini akaangalia nyuma kuona ni Mgeta gani mwingine anayeitwa.

Kwa muda wa nusu saa ya kwanza wachezaji wa Chuo walicheza kwa woga, wakikwepa pale ambapo mti wa miguu mitatu ulizoea kusimama, na mmoja alipopita hapo aliinamisha kichwa. Kisha wakazoea. Wakaanza kupigiana pasi fupifupi. Dakika ya hamsini na tisa Mgeta alipata mpira nje ya kumi na nane, akauhamishia mguu wa kushoto, akapiga. Wavu ukatikisika.

Mashabiki mia nane hawakushangilia. Walimtazama mwamuzi. Mwamuzi naye, kwa mazoea, alikuwa ameshaweka filimbi mdomoni na kuinua mkono, akatafuta wa kumwonyesha kwamba ameotea, akamkosa. Akaushusha mkono. Akaonyesha katikati ya uwanja.

Mashavu alikuwa amesimama kando ya benchi na kopo lake la pini. Alisikia sauti ikianza juu kwenye ngazi za juani, kama watu wanaokohoa, kisha ikashuka, ikakua, na uwanja mzima ukalia kwa furaha ambayo haikuwa na fomu. Alimtafuta Chande kwa macho. Chande hakuwa akipiga kelele. Alikuwa amekaa, karatasi ya hotuba mkononi, akiitazama sehemu ile tupu ndani ya eneo la hatari.

Mechi iliisha moja bila.

*

Baraza la Hasira liliketi kama kawaida, kwa sababu ajenda ilikuwa imeshapigwa chapa. Luhembwe alipanda jukwaani akasoma hotuba iliyoidhinishwa tangu Jumatano.

"Wananchi wenzangu, nasimama mbele yenu nikiwa na majonzi kwa kichapo hiki kizito. Wizara inazielewa hasira zenu. Inazitambua. Inazipongeza. Kocha huyu ametuaibisha tena, na naona machozi mashavuni mwenu." Aliinua macho, akaona watu wanacheka, akarudi haraka kwenye karatasi. "Sasa namkaribisha msemaji wa kwanza, Ndugu Chande Kilindo."

Chande alipanda. Fomu yake ilikuwa na alama ya vema kwenye hasira ya kuvua kiatu, na kwa utaratibu alitakiwa avue. Siku zote alivua cha kushoto, akabaki juu ya soli nene, akaonekana mrefu. Siku hiyo aliinama akavua cha kulia. Akasimama mbele ya watu mia nane ameinama upande mmoja, kiatu mkononi.

"Niliandika hotuba ya kurasa nne," alisema. "Nimewaondoa makocha sita kwa mdomo wangu huu. Leo nimetazama mpira, na mpira ninaujua, msije mkanidharau. Kocha abaki."

"Kocha abaki," akajibu mtu chini, na mwingine, na wengine.

Luhembwe aligonga meza. "Ajenda inasema kubadilisha. Lazima abadilishwe mtu. Nani basi?"

Kila mtu alijua jibu, na kila mtu alilimeza pamoja na mate. Mashavu hakukumbuka baadaye alivyopanda zile ngazi. Alijikuta mezani. Akafungua kopo la pini, akaweka karanga tatu mbele ya Katibu Msaidizi.

"Hizi ni za kocha Mbaruku," alisema. "Alizisahau mfukoni. Nimemtunzia miaka miwili. Mwambieni aje azichukue mwenyewe, na wenzake watano waje naye. Sisi tumeshamaliza kuwakasirikia. Na kama mnataka kubadilisha mtu, leo amebadilishwa namba tisa, na nyote mmeona."

Sauti ya Luhembwe ilishuka, ikawa kwa mara ya kwanza ya mtu wa kawaida. "Bibi, unajua traksuti ile inaweza kukatwa kwa kipimo chako?"

"Inaweza. Tafuta wa kuikata."

Luhembwe aliwatazama mashabiki. Walikuwa mia nane, na hakuna hata mmoja aliyeomba fomu. Alifunga jalada lake, akatangaza kwamba Baraza limeahirishwa kwa sababu ya furaha isiyotarajiwa, na akauliza, akiwa ameshashuka ngazi, jezi itakauka lini.

"Inategemea," alisema Mashavu.

*

Wiki iliyofuata Wizara haikufanya mzaha. Jezi iliwekewa askari wawili kuanzia Jumatano, waliolala chini ya kamba na kuamka chini ya kamba, na Mashavu akakatazwa kuigusa. Wizara ilikuwa imetoa taarifa kwamba bao lile lilifungwa na Mtukufu kwa kutokuwepo. Jumamosi saa sita Luhembwe alifika mwenyewe, akaiingiza jezi chumbani, akaishika kwa vidole viwili. Ilikuwa kavu kabisa.

"Mtukufu anacheza leo," alisema. Mashavu alikunja mikono kifuani.

Ndipo alipoingia Chande na Fomu Namba Nne. Aliinyoosha kwa mikono miwili, kwa adabu. Kwenye kiwango cha hasira aliweka vema kwenye kali, na kwenye sababu aliandika: Nimeona doa.

"Doa gani?" Luhembwe aliuliza. "Liko wapi?"

"La jasho, Ndugu Katibu. Lile la Mtukufu. Wewe hulioni?"

Nyuma ya Chande alisimama yule mteja aliyenyolewa vibaya, naye akiwa na fomu. Nyuma yake mwanamke muuza maandazi, kisha wahadhiri wawili wa mihuri, na foleni ikatoka mlangoni ikazunguka jukwaa lote. Fomu zote zilikuwa na maneno mawili yaleyale. Mikononi walikuwa na kalamu, tayari kuandika endapo Katibu Msaidizi wa Hasira za Umma angetamka kwamba halioni jasho la Mtukufu.

Luhembwe aliitazama jezi nyeupe. Akawatazama askari, na askari wakatazama dari. Alipokea fomu ya kwanza, akaigonga muhuri, akapokea ya pili.

"Naliona," alisema kwa sauti ndogo.

Mashavu aliishusha jezi kutoka kwenye henga kwa heshima zote zinazotakiwa, akaizamisha kwenye beseni, akaisukuma chini mpaka mapovu yakaisha. Kutoka uwanjani alimsikia Ndimbwa akiwahesabu wachezaji wake kwa sauti, mmoja mmoja, na alipofika kumi hakuishia hapo.